Kapteni John Parker wa Lexington

Katika somo lililotangulia tulieleza matumizi ya viambishi -li- na -ka- katika masimulizi, pamoja na -ki- inayoonyesha tendo lililokuwa likiendelea. Kanuni hizo hudhihirika vyema katika wasifu, kwa kuwa maisha ya mtu ni mfuatano wa matendo, moja likizaa jingine. Tusome kifungu kifuatacho kwa makini, kisha tufanye mazoezi yaliyo mwishoni.

John Parker alizaliwa tarehe 13 Julai 1729 katika kijiji cha Lexington, Massachusetts, enzi ambazo sehemu hiyo ya Marekani ilikuwa bado koloni la Uingereza. Alikuwa mkulima. Mwaka 1755 alimwoa Lydia Moore, wakajaliwa watoto saba. Waingereza walipopigana na Wafaransa kuligombea bara hilo, Parker aliingia vitani upande wa mfalme wa Uingereza, kisha akarudi shambani kwake akiwa mtu aliyeyajua mapigano.

Kila kijiji kilikuwa na mgambo wake. Wanamgambo hao hawakuwa askari wa kulipwa. Walikuwa wakulima na mafundi walioweka gobori nyumbani na kukusanyika kwa mazoezi walipoitwa. Wanaume wa Lexington walimchagua Parker kuwa kapteni wao. Wengi wao walikuwa majirani zake, na baadhi walikuwa ndugu zake wa damu. Jambo hili tulikumbuke, maana ndilo lililoufanya uamuzi wake wa baadaye kuwa mzito.

Kufikia mwaka 1775 uhusiano wa walowezi na serikali ya Uingereza ulikuwa umeharibika. Walowezi walikataa kutozwa kodi na bunge ambalo hawakuwa na mjumbe ndani yake, nao walikuwa wakikusanya silaha na baruti katika mji jirani wa Concord. Usiku wa tarehe 18 Aprili, askari wapatao 700 walitoka Boston kwenda kuziharibu silaha hizo. Njia yao ilipita Lexington. Paul Revere aliwatangulia kwa farasi, akafika kijijini yapata saa sita za usiku, akatoa habari.

Parker alikuwa na umri wa miaka 45, naye alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Hata hivyo aliondoka nyumbani, akawakusanya watu wake uwanjani katika baridi ya usiku. Adui hakuonekana. Kapteni akawaruhusu waondoke, lakini wasiende mbali na sauti ya ngoma. Wengi wakangoja katika nyumba ya wageni iliyokuwa karibu na uwanja. Alfajiri ngoma ikalia, na watu wapatao 77 wakajipanga. Hawakuifunga barabara ya kwenda Concord. Walisimama kando, wakionyesha kwamba wapo.

Askari wa mfalme walipoingia uwanjani, ofisa wao aliwaamuru wanamgambo watawanyike. Parker aliona kwamba kikosi kilichokuwa mbele yake kiliwazidi mno watu wake. Aliwaamuru watawanyike na wasipige risasi. Walipokuwa wakitawanyika, mlio wa bunduki ukasikika. Nani aliyepiga risasi ile ya kwanza, hadi leo haijulikani. Askari wakafyatua bunduki zao, wakawashambulia kwa singe. Wanamgambo wanane waliuawa, na kumi wakajeruhiwa. Miongoni mwa waliokufa alikuwemo Jonas Parker, binamu yake kapteni. Miongoni mwa waliojeruhiwa alikuwemo Prince Estabrook, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, aliyesimama katika safu ile ya kutetea uhuru ilhali yeye mwenyewe hakuwa huru.

Amri ya kutawanyika haikuwaokoa wote, na kapteni mwingine angalivunjika moyo. Parker aliwakusanya tena waliobaki siku ileile, akawapeleka nje kidogo ya kijiji, wakajificha wakiwangoja askari waliokuwa wakirejea kutoka Concord. Walipofika, wanamgambo wa Lexington wakawashambulia. Jua lilipotua, Waingereza 73 walikuwa wamekufa katika mapigano ya siku nzima, na walowezi 49. Vita vya kupigania uhuru wa Marekani vilikuwa vimeanza.

Parker hakuuona mwisho wake. Mwezi Juni, mapigano makubwa ya Bunker Hill yalipotokea, maradhi yalikuwa yamemzidi, hakuweza kwenda. Alifariki tarehe 17 Septemba 1775, karibu miezi kumi kabla ya tangazo la uhuru.

Habari zake hazikuishia kaburini. Mjukuu wake, Theodore Parker, aliyezaliwa mwaka 1810, alikuwa mchungaji na mpinzani mkali wa utumwa. Alizitunza bunduki mbili zilizotoka kwa babu yake, na alipofariki mwaka 1860 aliziachia serikali ya Massachusetts, ambayo ilizitundika katika ukumbi wa baraza la seneti. Hivyo uhuru ambao Prince Estabrook aliupigania bila kuwa nao, mjukuu wa kapteni wake aliufanya kuwa kazi ya maisha yake.

Mazoezi

1. Chagua vitenzi vitano vyenye -ka-. Kwa kila kimoja, onyesha kitenzi chenye -li- kilichokitangulia, na ueleze uhusiano wao.

2. Linganisha -ki- katika "wakitawanyika" na -ki- katika sentensi yako mwenyewe yenye maana ya sharti.

3. Kwa kutumia -ngali-, andika aya moja ukieleza ambayo yangaliweza kutokea lau Parker angaliwaamuru watu wake wapige risasi.

4. Jadilini katika vikundi: je, amri ya kutawanyika ilikuwa ya woga au ya busara? Toeni ushahidi kutoka katika kifungu.