Mama Kevin na Wapagazi wa Vita

Askari aliyezaliwa Munkunyu ajua desturi ya kwao: mzee akizidiwa, wanawe humchukua hospitali, Kagando au Bwera, na hukesha naye kwa zamu. Je, afiaye mbali na jamaa zake hukesha naye nani? Swali hilo latukumbusha hayati Mama Kevin.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Teresa Kearney, mwenyeji wa Ireland, aliyezaliwa mwaka 1875. Aliwasili Uganda Januari 1903 pamoja na masista watano, wakaanza kutibu wagonjwa chini ya mwembe pale Nsambya. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, hospitali yao ilifanywa ya jeshi kwa ajili ya wapagazi, yaani wale waliobeba risasi na chakula cha wenye bunduki. Maradhi yaliwaua wapagazi wengi kuliko risasi. Kwa kuwauguza, alitunukiwa nishani na Uingereza mwaka 1918.

Sisi twaithamini zaidi shule ya wauguzi na wakunga aliyoianzisha mwaka 1921 akiwa na Daktari Evelyn Connolly, maana mtu mmoja hawezi kukesha kwenye vitanda vyote. Baadaye zikaja Nyenga na Buluba, makao ya wenye ukoma, ugonjwa ambao siku zile haukuwa na dawa ya kuuponya.

Alifariki Marekani tarehe 17 Oktoba 1957, akazikwa Ireland. Wakatoliki wa Uganda hawakuridhika. Desemba ile ile mwili wake ulirudishwa, wakamzika Nkokonjeru.