Schweinfurth: Jina lililobaki kwenye majani ya Tanganyika

GEORG Schweinfurth hakuwahi kufika Ujiji. Hata hivyo, jina lake limo ndani ya Ziwa Tanganyika, kwenye mmea wa majini ambao ni rahisi kuudhania kuwa ni gugu tu.

Alizaliwa Desemba 29, 1836 mjini Riga, Latvia ya leo, wakati huo ikiwa chini ya Urusi. Baada ya kusomea mimea Heidelberg, Munich na Berlin, mwaka 1863 alikwenda Misri na pwani ya Bahari ya Shamu.

Mwaka 1868, kwa fedha za Mfuko wa Humboldt wa Berlin, alirudi Afrika. Alipanda Mto Nile akifuatana na wafanyabiashara wa pembe za ndovu, na Machi 1870 akaufikia Mto Uele, kaskazini mwa Kongo. Kote huko alikusanya mimea, akaikausha na kuandika ilikopatikana.

Desemba 1870 moto ulizuka kambini na kuteketeza sehemu kubwa ya mali na kumbukumbu zake, pamoja na vifaa vya kupimia. Hakukata tamaa. Ili kupima umbali kwa ajili ya ramani, alihesabu hatua zake mwenyewe, zaidi ya milioni moja.

Alirejea Ulaya mwaka 1871, mwaka ambao Stanley alikutana na Livingstone Ujiji. Mwaka 1875 alianzisha jumuiya ya jiografia mjini Cairo. Alifariki Berlin Septemba 1925 akiwa na umri wa miaka 88.

Mwaka 1901, Mwingereza Arthur Bennett aliupa mmea huo jina la Potamogeton schweinfurthii. Ni mmea wa asili wa Afrika. Mizizi yake imeshika tope, majani yake membamba na marefu hukaa chini ya maji, na ni kishada cha maua madogo tu kinachochomoza juu.

Gugumaji ni kitu kingine. Lilitoka Amerika ya Kusini, huelea, vikonyo vyake vimevimba na maua yake ni ya zambarau. Miaka ya 1990 liliziba mialo ya Ziwa Victoria na kuwatia wavuvi hasara kubwa.

Kwa mkazi wa Buzebazeba anayeishi kwa samaki, tofauti hiyo ni fedha. Katika vichaka vya majani ya asili, vifaranga vya samaki hujificha, wakiwamo wa jamii ya sangara wa Tanganyika. Anayeving'oa hutumia nguvu kazi kuharibu kitalu chake mwenyewe, na anayeliacha gugumaji lizae atalipa baadaye.

Ndiyo maana kazi ya Schweinfurth ingali na thamani. Mmea uliokaushwa na kuandikwa ulikotoka na tarehe yake huonyesha kipi kilikuwapo tangu zamani na kipi kimeingia. Kabla ya kung'oa, mvuvi atazame kwanza: unaelea, au umeshika tope?