Jalinus: Tabibu Aliyeitafuta Sauti Ubongoni

Katika lugha yetu mambo mengi tumeyakabidhi moyo. Mtu husema moyoni, hukata shauri moyoni, huficha siri moyoni, na aliyehifadhi sura ya Kurani kwa ghibu twasema anaijua kwa moyo. Nasi washairi ndio tuliozidi, kwani bila ya moyo hatuna la kuimba. Maneno hayo ni matamu na sikusudii kuyang'oa mahali pake. Lakini mbele ya tabibu swali huwa jingine: sauti ya bin Adamu huamrishwa na kiungo gani? Mtu aliyelijibu swali hilo hadharani, kwa kisu na uzi, alifariki yapata miaka mia nne kabla ya Hijra. Wagiriki walimwita Galenos, Wazungu humwita Galen, na katika vitabu vya Kiarabu jina lake ni Jalinus.

Jina hilo nililisikia tangu siku zangu za chuoni. Wazee waliosoma vitabu vya tiba vya Kiarabu walikuwa wakilitaja barazani baada ya laasiri, pamoja na la Ibn Sina, wanapozungumza juu ya damu, balghamu na safura. Aghalabu hutajwa kama mtu wa dawa. Leo nitamweleza kwa jambo jingine: vipi alivyoupambanua ubongo na mishipa ya fahamu itokayo ndani ya fuvu, na vipi elimu hiyo ilivyoponea chupuchupu.

Alizaliwa mwaka 129 Miladi katika mji wa Pergamon, ambao leo huitwa Bergama na uko Uturuki. Serikali ilikuwa ya Warumi, lakini lugha na elimu ya mji zilikuwa za Kigiriki. Babake, Nikon, alikuwa bingwa wa ujenzi na hisabati, mtu mpole na mwadilifu. Mamake, kwa maelezo ya mwanawe mwenyewe, alikuwa na hasira za kufikia kuwauma wajakazi kwa meno. Nikon alimfundisha kijana hesabu, kisha akampeleka kwa wanafalsafa wa kila madhehebu, na akamuusia asijifunge upesi na mwalimu mmoja, bali awasikilize wote na kuwapima. Naomba msomaji auweke akilini wasia huo, kwa kuwa tutauhitaji tena mwisho wa habari hii.

Kijana alipokuwa na umri wa miaka 16 hivi, babake aliota ndoto iliyomwelekeza kumsomesha utabibu. Mji ule ulikuwa na hekalu mashuhuri la Asclepius, mungu wao wa uponyaji, na ndoto ya namna hiyo haikupuuzwa. Miaka michache baadaye Nikon alifariki na kumwachia mwanawe mali ya kutosha. Jalinus akafunga safari ya elimu: Smyrna, Korintho, na hatimaye Iskandaria ya Misri, mahali ambapo wanafunzi walionyeshwa mifupa ya mtu waione kwa macho yao.

Aliporudi kwao mwaka 157 alipewa kazi ya kuwatibu watumwa waliopiganishwa kwa panga ili kuwafurahisha watu. Kazi ilikuwa ngumu, lakini ilimfunza. Desturi za Kirumi hazikuruhusu maiti ya mtu kupasuliwa, na vidonda vya wapiganaji vikawa ndivyo vidirisha vyake vya kuchungulia ndani ya mwili wa mtu. Mengine yote alilazimika kujifunza kwa wanyama: kima wa Afrika ya Kaskazini, mbuzi, nguruwe na ng'ombe. Aliwaeleza wanafunzi wake kwamba katika miji mikubwa bongo za ng'ombe huuzwa zikiwa zimekwisha kutolewa fuvuni, basi wazinunue na kuzichambua nyumbani.

Mwaka 162 alikwenda Roma. Huko wanafalsafa walikuwa wakishindana. Aristotle alikuwa ameandika kwamba moyo ndio makao ya hisia, na ubongo kazi yake ni kupoza joto la mwili. Wengine walijenga hoja kutokana na sauti: maneno ni matunda ya akili, maneno hutoka na pumzi, pumzi hutoka kifuani, kifuani mna moyo, kwa hivyo akili imo moyoni. Hoja ilikuwa nzuri masikioni. Jalinus akaona kwamba haifai kujibiwa kwa maneno matupu.

Tajiri mmoja wa cheo, Flavius Boethus, aliwakusanya wanafalsafa na matabibu wajionee wenyewe. Kabla ya kazi kuanza, Alexander wa Dameski, mfuasi wa Aristotle, alizusha swali: je, tuwe na hakika na yale tunayoyaona kwa macho? Jalinus alikasirika, akaondoka, na kikao kikavunjika. Baadaye kazi ikafanywa mbele ya mashahidi. Mnyama aliyependelea zaidi ni nguruwe, na msomaji asishtuke: sababu aliyoitoa ni kwamba hakuna apigaye kelele kama yeye. Mnyama alifungwa, shingo ikapasuliwa, na mishipa miwili myembamba kama unywele ikatafutwa kandokando ya koo. Jalinus alipoikaza kwa uzi, mnyama aliendelea kuhema na kutapatapa, lakini sauti ikakatika. Alipoulegeza uzi, kelele zikarudi. Moyo haukuguswa kamwe.

Msomaji wa leo ataona ukatili katika mambo haya, na mimi naona hivyo hivyo. Yeye mwenyewe aliwashauri wanafunzi wasimtumie kima wanapofungua fuvu la mnyama aliye hai, kwa sababu sura ya kima akiwa katika hali hiyo huchukiza kuitazama. Dawa ya kuondoa maumivu haikuwapo. Lakini alipobonyeza vyumba vilivyo ndani ya ubongo, mnyama alipoteza hisia na mwendo. Na alipokata uboho wa mgongo mahali mbalimbali, viungo vilivyo chini ya mkato ndivyo vilivyopooza.

Njia ya mishipa ile ya sauti ni ya ajabu. Haiendi moja kwa moja kutoka kichwani hadi kwenye kongomeo. Huteremka pamoja na mshipa mkubwa wa fahamu mpaka kifuani. Kule wa kushoto huuzunguka mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, na wa kulia huzunguka mshipa wa damu uendao mkononi. Kisha yote miwili hupanda tena juu kooni. Jalinus ndiye aliyeieleza njia hiyo kwa ukamilifu, na hakuificha fahari yake. Aliandika pia habari za watoto waliotumbuliwa matezi ya shingo na wapasuaji wasioijua. Mmoja alitoka bila sauti kabisa, na mwingine akabaki na nusu ya sauti, kwa kuwa mshipa wa upande mmoja tu ndio uliokatwa. Hata leo daktari anayempasua mtu mwenye rovu huutafuta kwanza mshipa huo ili asije akauharibu, na mgonjwa anayeamka akiwa na sauti yake ana sehemu ya deni kwa Jalinus.

Kwa kufuata hesabu ya Marinus, bingwa wa kabla yake, aliihesabu mishipa itokayo ubongoni kuwa jozi saba. Ya kwanza ni ya kuonea. Ya pili huyazungusha macho. Ya tatu na ya nne ni za uso, ulimi na kaakaa. Ya tano ni ya kusikia, pamoja na ile inayouchezesha uso. Ya sita ndiyo yenye ule mshipa mkubwa uteremkao kifuani na tumboni, na ya saba huuendesha ulimi. Ule wa kunusia hakuutia katika hesabu, kwani aliuona kuwa ni sehemu ya ubongo wenyewe.

Sifa zake zikaenea. Mwaka 168 Kaisari Marcus Aurelius alimwita kambini Aquileia wakati maradhi ya tauni yakiwaua askari, na baadaye akamwachia kazi ya kumwangalia mwanawe Commodus. Miaka yote hiyo Jalinus aliandika bila kuchoka. Mojawapo ya vitabu vyake vikubwa ni kile cha kazi ya kupasua mwili, chenye sehemu 15, na katika sehemu ya 14 ndimo alimoieleza mishipa ya ubongo. Lakini mwaka 192 moto mkubwa uliteketeza maghala ya Roma alimoweka vitabu na dawa zake. Sehemu za mwisho za kitabu hicho zilikuwa miongoni mwa vilivyoungua. Mzee wa zaidi ya miaka 60 akaketi, akaziandika upya.

Alifariki yapata mwaka 216, akikaribia miaka 90. Baada yake ukaja msiba wa pili: nakala za Kigiriki za sehemu zile zile zikapotea, na hazijaonekana hata leo. Kama si Baghdad, tusingezijua.

Katika karne ya tatu ya Hijra, chini ya makhalifa wa Bani Abbas, Hunayn ibn Ishaq, Mkristo wa Hira aliyefariki mwaka 873, aliifanya kazi ya kumfasiri Jalinus kuwa kazi ya maisha yake. Ametuachia orodha ya vitabu 129 vya Jalinus, akieleza nani alikifasiri kipi na kwa lugha gani. Kwa ajili ya kitabu kimoja tu alizunguka Iraki, Shamu, Palestina na Misri mpaka Iskandaria, na akaambulia nusu yake, nayo aliipata Dameski. Kile cha kupasua mwili alikisahihisha kwa Kisiryani, na mpwawe Hubaysh akakitia katika Kiarabu. Kiarabu hicho ndicho kilichobaki. Mwaka 1906 Mjerumani Max Simon alikichapisha, na Ulaya ikapata tena maneno ya Mgiriki kutoka katika mikono ya Waarabu.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa kazi ya Waarabu ilikuwa kuweka amana tu. Al-Razi aliandika kitabu kizima cha shaka juu ya Jalinus, huku akimkiri kuwa mwalimu wake. Ibn Sina alizifuata jozi saba katika Kanuni yake, lakini juu ya moyo na ubongo alijaribu kumpatanisha tabibu na Aristotle. Na Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyekuwa Misri wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1200 hadi 1202, alikwenda al-Maqs, karibu na Kairo, penye marundo ya mifupa ya waliokufa. Jalinus alikuwa ameandika kwamba utaya wa chini una mifupa miwili iliyoungana. Abd al-Latif alitazama mafuvu zaidi ya 2000, na katika yote utaya ulikuwa mfupa mmoja. Akaandika alichokiona.

Ulaya ilichelewa. Wavu wa mishipa ya damu aliouona Jalinus chini ya ubongo wa ng'ombe, akadhani na mtu anao, ulifundishwa kwa zaidi ya miaka 1300, hadi Vesalius alipoukana wazi mwaka 1543. Jozi saba nazo ziliendelea mpaka Mwingereza Thomas Willis alipohesabu tisa mwaka 1664, na Mjerumani Samuel Sömmerring akafikisha 12 mwaka 1778. Hizo 12 ndizo wanazosoma wanafunzi wa udaktari hadi leo.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Nikon na wasia wake. Mwanawe aliufuata alipowajibu wanafalsafa kwa uzi na kisu. Waliokuja baada yake na kuyafunika macho yao kwa ajili ya jina lake walimheshimu kwa heshima isiyomfaa. Aliyemheshimu barabara ni yule aliyeinama juu ya mifupa ya al-Maqs, fuvu baada ya fuvu, akitaka kujua kama mwalimu alisema kweli. Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Lakini, ndugu msomaji, kuna nyakati ambapo jina kubwa huyafumba macho mazima, na hapo hapana budi mtu aambiwe.