Kura Moja ya Marehemu Muliro

Mkazi wa Shieywe huingia katika Bustani ya Muliro, hapa mjini Kakamega, akaketi kivulini kumngojea mwenzake, asijiulize huyo Muliro alikuwa nani. Vijana wanalijua jina hilo kwa sababu ya chuo kikuu. Wazee watakwambia alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD. Ni kweli, lakini huo ni mwisho wa safari yake. Kilele chake, kwa maoni yangu, kilikuwa siku moja ndani ya Bunge.

Masinde Muliro alizaliwa mwaka 1922 huko Matili, Kimilili. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cape Town, akarejea na kufundisha. Mwezi Machi 1957, Mwingereza aliporuhusu Waafrika wachache wenye elimu au mali kupiga kura, alimshinda W.W.W. Awori na kuingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kiti cha Nyanza Kaskazini, eneo lililoijumuisha Kakamega. Walikuwa Waafrika wanane tu, wakiwemo Mboya, Odinga, Ngala na Moi. Wanane hao walikataa kupewa uwaziri chini ya katiba waliyoiona ya dhuluma. Baadaye alikuwa naibu wa Ngala katika KADU, akatetea majimbo, akashindwa.

Hata hivyo, baada ya uhuru alipata uwaziri, na mwaka 1975 alikuwa Waziri wa Ujenzi. Machi mwaka huo J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa na maiti yake ikaokotwa Ngong. Bunge liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale, nayo ikaleta ripoti iliyowagusa maofisa wakuu wa polisi. Serikali haikutaka ripoti hiyo iidhinishwe. Kanuni ya wakati ule ilijulikana: waziri alipaswa kupiga kura na serikali yake, au kujiuzulu kwanza. Muliro hakufanya lolote kati ya hayo. Alibaki kitini na kupiga kura pamoja na walioiunga mkono ripoti, na serikali ikashindwa kwa kura chache.

Mzee Kenyatta hakukawia. Muliro alifutwa kazi, pamoja na mawaziri wadogo wawili, John Keen na Peter Kibisu. Huyu Kibisu alikuwa mbunge wa Vihiga, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya wilaya yetu ya Kakamega. Wapo wanaosema Muliro alivunja utaratibu. Naam, aliuvunja. Lakini mwenziwe alikuwa ameuawa, na utaratibu huo ulimtaka anyamaze.

Tangu siku hiyo hakupata tena uwaziri. Mwaka 1991, akikaribia miaka sabini, alikuwa bega kwa bega na Odinga na Shikuku kudai vyama vingi. Tarehe 14 Agosti 1992 alirejea kutoka London, akaanguka katika uwanja wa ndege wa Nairobi na kufariki dunia. Uchaguzi alioupigania ulifanyika mwezi wa Desemba.