Tabibu Ali bin Ridhwani na Nyota Ngeni ya Mwaka 396

Elimu ya nyota ni elimu mbili ambazo watu wamezichanganya kwa jina moja. Ya kwanza ni ya kutazama, kupima na kuhesabu, na kwa hiyo twajua kibla, nyakati za sala na kuandama kwa miezi. Ya pili ni ya kubashiri bahati na nuhusi, na kwa hiyo wengi wamekwisha kuliwa mali zao. Tumependa leo kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja aliyekuwa nazo zote mbili, ili ijulikane ni ipi iliyobaki na ni ipi iliyopotea. Mtu huyo ni Ali bin Ridhwani, tabibu mashuhuri wa Misri.

Alizaliwa Giza mwaka 988, na baba yake alikuwa mwoka mikate, mtu fukara. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alihamia mjini kutafuta elimu, na baada ya miaka michache akaanza kusoma utabibu na falsafa. Hakuwa na mali ya kuwalipa walimu, basi akajifunza mwenyewe katika vitabu. Riziki yake aliipata kwa kusomesha, kwa kutibu, na kwa kuwatazamia watu nyota zao. Umaskini ulimwingiza katika kazi hiyo ya tatu, wala hakuiacha kabisa hata alipotajirika.

Alikuwa kijana wa miaka 18 hivi, angali mwanzoni mwa masomo yake, ilipotokea nyota ambayo haikuwako mbinguni. Ulikuwa mwaka 396 wa Hijra, nao ni mwaka 1006. Watu waliiona tangu Yemen mpaka Uchina na Japani, na hata katika milima ya Uswisi. Bila shaka wengi walishtuka, na wengi walizua maneno. Kijana huyu alitazama, akapima. Baadaye, alipokuwa akikisherehesha kitabu cha Batlimusi, aliandika kuwa nyota ile ilikuwa katika digrii ya 15 ya Akarabu, na jua liko digrii ya 15 ya Thauri, likiikabili. Akataja mahali pa mwezi na sayari. Akasema kuwa ukubwa wake ulikuwa kama Zuhura mara mbili na nusu au mara tatu, na nuru yake yapita kidogo robo ya nuru ya mwezi. Akaeleza kuwa haikuondoka mahali pake katika buruji, mpaka jua lilipofika Sumbula ndipo ikatoweka.

Lakini hakuishia hapo. Aliifungamanisha nyota hiyo na vita, ukame, kupanda kwa bei, njaa na maradhi yaliyowapata watu. Hapa ndipo mpimaji alipompisha mpiga falaki. Nasi tumefundishwa na Mtume wetu, siku aliyofiwa na mwanawe Ibrahimu na jua likapatwa, kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake.

Ali bin Ridhwani alipanda daraja hata akawa mkuu wa matabibu wa Misri. Aliandika kitabu juu ya kujikinga na maradhi katika nchi ile, na ndani yake akaeleza ubovu wa hewa ya vichochoro vyembamba, moshi wa matanuri ya hamamu, mizoga inayotupwa njiani, na uchafu unaoingia katika maji ya Nile. Katika kitabu hicho hakuitupia nyota lawama ya taka za mjini. Vitabu vyake vya utabibu vilifasiriwa kwa Kilatini, vikasomwa Ulaya kwa muda wa karne nyingi.

Aibu yake ilikuwa ukali wa ulimi. Kwa kuwa alijifunza bila mwalimu, alishikilia kuwa kitabu chatosha. Tabibu wa Baghdad, Ibn Butlan, alimkabili kwa hoja kwamba mwalimu humwondolea mwanafunzi makosa ambayo kitabu hakiwezi kuyaona, na wakatupiana maandiko makali. Uzeeni, yasemekana, yatima wa kike aliyemlea wakati wa njaa alimwibia mali yake akakimbia, na akili yake ikaingia kasoro. Nyota hazikumwonya. Alifariki katika miaka ya 1060.

Zikapita zaidi ya miaka 900. Wanazuoni wa zama zetu walizichukua zile digrii zake, wakapata kwa hisabu kuwa nyota ilionekana yapata tarehe 30 Aprili. Mwaka 1965 wataalamu wa Australia, kwa mitambo ya redio, walitambua mabaki yake: duara la moshi wa moto lenye upana kama wa mwezi, lililo mbali kiasi cha miaka ya nuru 7,000. Haikuwa nyota iliyozaliwa, bali nyota ndogo nzito, iliyokwisha kuzeeka, ikapasuka yote. Kwa hiyo ilipasuka miaka elfu kadhaa kabla ya vita na njaa zile, wala haikuwa na habari nazo. Leo nyota za namna hiyo hutafutwa katika galaksi za mbali, hata zile ambazo kiini chake chawaka kwa ukali hata kuificha, na kwa nuru yake hupimwa umbali wa mbingu.

Basi tazameni, ndugu zetu. Katika maandishi ya mtu mmoja, juu ya nyota moja, kipimo kimebaki na utabiri umekufa. Mwenye mtoto anayependa kutazama mbingu na ampe daftari na kalamu, aandike alichokiona na saa aliyokiona. Na mwenye shilingi ya kumpa mpiga falaki, na amnunulie mtoto huyo kitabu. Mwenyezi Mungu atuongoze katika elimu yenye manufaa.