Raiffeisen, Meya Aliyekopesha Mkate

Safari hii tunawaletea habari za mtu ambaye hakuwa mchungaji wala mmisionari. Alikuwa meya wa vijiji, jina lake Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Mjerumani.

Alizaliwa tarehe 30 Machi 1818 huko Hamm, kando ya mto Sieg, katika nyumba ya watoto tisa. Baba yake hakuweza kuitunza familia, mzigo ukamwangukia mama, na mchungaji wa pale ndiye aliyemfundisha kijana masomo. Akiwa na miaka 17 aliingia jeshini, lakini ugonjwa wa macho ukamtoa huko mwaka 1843.

Mwaka 1845 akawekwa kuwa meya wa Weyerbusch, katika milima ya Westerwald. Mwaka uliofuata mavuno yakaharibika na njaa ikaingia. Serikali ya Prusia ilileta chakula, lakini kwa sharti kwamba kiuzwe kwa pesa taslimu. Sasa mwenye njaa atatoa wapi pesa taslimu? Sisi tunaopanga mstari siku ya mgao hatuhitaji kuelezwa zaidi. Raiffeisen alikiuka sharti lile, akawapa maskini kwa mkopo. Kisha akawashawishi wenye uwezo wachange, wakanunua nafaka, wakajenga tanuri, na mkate ukatolewa kwa watu ili walipe baada ya mavuno.

Mwaka 1848 alihamishiwa Flammersfeld, na huko akakuta jambo baya kuliko njaa, yaani riba. Mkulima asiye na ng'ombe alikopa kwa mfanyabiashara, riba ikapanda, ng'ombe akachukuliwa, mwisho na shamba likaenda. Mwaka 1849 akawakusanya matajiri wapatao 60, wakawa wadhamini wa chama cha kuwanunulia maskini mifugo, nao wakalipa kidogo kidogo. Alipofika Heddesdorf alianzisha chama kingine mwaka 1854, ambacho kiliwatunza hata yatima na wafungwa waliotoka gerezani.

Lakini matajiri walichoka. Moyo wa kutoa ulipoa, na hapa ndipo tunapomwona mtu huyu kuwa mkubwa kweli, kwa sababu alikubali kwamba njia aliyoipenda, ile ya Mkristo mwenye mali kumsaidia asiye nacho, haikutosha. Mwaka 1864 alikipanga chama upya: anayetaka kukopa lazima awe mwanachama, na wanachama wote wadhamini deni la chama kwa mali yao yote. Eneo liwe dogo, watu wanaofahamiana. Viongozi wasilipwe mshahara, isipokuwa mtunza hesabu. Ndugu walio katika vikundi vya kuweka na kukopa hapa kambini wanajua kwa nini kufahamiana ni muhimu: ni vigumu kumkimbia mtu unayekutana naye kisimani kila asubuhi. COOPEC tulizoziacha nyumbani zina ukoo na chama kile cha Heddesdorf.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa magumu. Watoto wake kadhaa walikufa wakiwa wadogo, na mkewe Emilie alifariki mwaka 1863. Mwaka 1865, kwa sababu ya afya, akaacha umeya akiwa na miaka 47 tu, pensheni ikiwa ndogo. Macho yalizidi kufifia. Binti yake Amalie ndiye aliyemsomea na kumwandikia, hata kitabu chake cha mwaka 1866 juu ya vyama vya mikopo, ambacho kilifika mbali kuliko alivyowahi kusafiri yeye. Amalie hakuolewa. Sisi tunadhani anastahili ukurasa wake mwenyewe, maana bila yeye barua zile zote zisingeandikwa.

Raiffeisen alifariki Heddesdorf tarehe 11 Machi 1888, siku 19 kabla ya kutimiza miaka 70. Wakati huo vyama vya namna yake vilikuwa mamia katika Ujerumani, na ng'ombe wengi wa Westerwald walikuwa mali ya wakulima wenyewe.