Jack Cardiff: Mpigapicha wa Filamu Aliyefunzwa na Wachoraji

Katikati ya miaka ya 1930, kampuni ya Technicolor ilitafuta Mwingereza wa kufunzwa kamera yake mpya ya filamu za rangi. Watahiniwa waliulizwa habari za mitambo. Jack Cardiff alikiri kwamba ufundi huo haujui, akaeleza badala yake jinsi mwanga unavyoangukia uso katika michoro ya Rembrandt. Akachaguliwa yeye.

Alizaliwa Great Yarmouth tarehe 18 Septemba 1914, mtoto wa wasanii wa jukwaani waliohamahama. Shule hakuipata sawasawa. Makumbusho ya sanaa ndiyo yaliyomlea.

Filamu ya Black Narcissus (1947) inasimulia maisha ya watawa katika milima ya Himalaya, lakini ilipigwa Uingereza, kwa sehemu kubwa ndani ya studio za Pinewood. Vilele na mabonde yalichorwa kwa mkono. Baridi ya alfajiri aliileta Cardiff kwa taa. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Oscar.

Kwa ajili ya The African Queen (1951), iliyoongozwa na John Huston, aliibeba kamera hiyo nzito hadi Kongo na Uganda, ambako maradhi yalikiandama kikosi chao. Meli ya Wajerumani katika hadithi hiyo mfano wake ni Graf von Götzen, ambayo Watanzania wanaijua kwa jina la MV Liemba, katika Ziwa Tanganyika.

Mwaka 1958 alianza kuongoza filamu mwenyewe. Sons and Lovers (1960) iliteuliwa kuwania tuzo saba za Oscar, ikiwemo ya mwongozaji bora. Ilishinda moja tu, nayo ya upigaji picha, ikaenda kwa Freddie Francis. Ajabu zaidi, bingwa huyo wa rangi alikuwa ameitengeneza kwa nyeusi na nyeupe.

Filamu alizoongoza baadaye hazikufikia kimo hicho. Miaka ya 1970 tasnia ya filamu ya Uingereza ilipodorora, alirejea nyuma ya kamera, akapiga Death on the Nile (1978) na hata filamu ya pili ya Rambo (1985). Wapo walioona huko ni kushuka ngazi. Picha zenyewe hazisemi hivyo.

Mwaka 2001 alitunukiwa Oscar ya heshima. Alifariki dunia tarehe 22 Aprili 2009, akiwa na umri wa miaka 94.